Uso Usio na Poda

Mama mkwe wangu, Pyo Ok-rye, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mchukuzi na ulimi ambao mtaa mzima wa Gwancheol, hapa Seoul, uliuogopa kuliko polisi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mpiga picha wa wanawake wa Jumba la Suin, watu wa ukoo wa kifalme, na katika miaka yote hiyo hakumruhusu mtu kumbebea sanduku la kamera kupita lango la jumba lile. Mume wangu Gi-tae, ambaye ni mwanawe wa pekee, alijaribu siku moja. Akaambiwa, "Wewe kwanza beba akili yako, sanduku tutazungumza baadaye."

Siku hizi nasikia watu wakisema alikuwa na bahati tu, kwamba mlango wa wakubwa ulikuwa wazi naye akaingia. Huwa nanyamaza mbele yao, kisha nakasirika peke yangu jikoni. Niliishi naye nyumba moja miaka ishirini na sita. Nilimsafishia vioo vya kupigia picha, nikamkorogea dawa zake, nikagombana naye kila mwaka majira ya kutia kabichi chumvi. Ninachojua ni kwamba alikuwa fundi, na mimi neno hilo simpi kila mtu.

Kazi aliikuta kwa mumewe. Mzee Ham, ambaye mimi sikumkuta hai, alifungua studio akidhani matajiri watapanga foleni. Wanaume walikuja. Wake zao hawakuja, maana mke wa mtu mwenye heshima atakaaje mbele ya mwanamume asiye ndugu yake, ajitulize, atazamwe? Basi Mzee Ham akawa anawafuata majumbani. Anapanga kamera, anailenga kwenye kiti kitupu, kisha anatoka uani, na mkewe ndiye anayebaki ndani na yule mwanamke ili aminye mpira wa kupigia.

"Nikikohoa, minya," alimwambia mara ya kwanza.

Akakohoa. Ndani kimya. Akakohoa tena, na tena.

"Mbona huminyi?" aliuliza kupitia mlango wa karatasi.

"Amefumba macho."

"Mimi nimekohoa mara tatu."

"Umekohoa vizuri sana, baba Gi-tae. Macho ndiyo bado."

Picha ile ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga mwenyewe, na tangu siku hiyo Mzee Ham aliacha kukohoa. Alikuwa akikaa uani anavuta kiko chake akisubiri aitwe kubeba miguu ya kamera.

Alikufa kwa homa ya matumbo Gi-tae akiwa na miaka tisa. Kisimani wanawake walimwuliza mjane, "Sanduku lile sasa utalipikia nini, mama Gi-tae?"

"Nitakupikia wewe. Kaa hapo hapo, usiende mbali."

Akarudi nyumbani, akakwangua kibao cha mlangoni, akaandika jina lake mwenyewe. Wakati ule, mwanamke kuandika jina lake mlangoni kulikuwa kitu cha kutembelewa. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kukicheka kibao, na wengi wao wakaishia ndani, wamekaa wima mbele ya pazia lililochorwa maua, wakiambiwa wasipumue.

Jumba la Suin lilimwita katika mwaka wa tatu wa ujane wake. Bibi wa Suin, ambaye naye alikuwa mjane, mke wa mwanamfalme aliyekufa kijana, alitaka picha ya binti yake kabla hajaolewa mbali. Ila kabla kamera haijafunguliwa alitoa sharti. Duka moja upande wa kusini wa mji lilikuwa limeuza kadi zenye uso wa mwanamke wa ukoo ule, zikabandikwa kwenye kuta za vilabu vya pombe, na ukoo ulikuwa haujapoa. Kwa hiyo kila picha itabaki na kioo kimoja tu cha kuchapia. Vioo vingine vitakavyopigwa siku hiyo vivunjwe papo hapo, mbele ya Bi Heo, msimamizi wa wanawake wa jumba, na vipande vifukiwe nyuma ya mitungi ya mchuzi wa soya.

"Na hicho kimoja nikikiangusha?" mama mkwe aliuliza.

"Usikiangushe," alisema Bibi wa Suin.

Wakaelewana. Kwa miaka kumi na minane alipiga harusi za Suin, watoto wa Suin walipofikisha siku mia, mabinti wa Suin waliokuwa wakienda kusoma ng'ambo, na kila mara alivunja vya ziada kwa nyundo ndogo aliyokwenda nayo mwenyewe. Hakuficha hata kimoja. Wapiga picha wengine walimcheka kwa hilo, maana kila mmoja wao alikuwa na kabati la akiba. Yeye alikuwa akisema, "Nyie mna makabati. Mimi nina lango."

Mimi niliingia nyumba ya mama mkwe nikiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane. Mama mkwe aliona kwanza nakshi nilizodarizi kwenye mito, ndipo akaniona uso, na siku ya tano akanikalisha kwenye meza ya kupodoa vioo. Kwenye kioo cha picha mambo huwa kinyume, cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, na mwenye mkono mwepesi anaweza kubadili mengi. Kwa kalamu ya risasi iliyochongwa ikawa kama sindano nilijaza mashimo ya uso na kufuta mikunjo. Kwa kisu chembamba nilikwangua kilichozidi. Niliwapunguzia wajane miaka kumi. Ilifika wakati mabibi harusi wanaingia wakiuliza, "Yule wa kalamu yupo?" Hawamwulizi mpiga picha.

Mama mkwe alisikia na hakupenda. "Wee mtoto," aliniambia, maana aliniita mtoto hata nilipokuwa na watoto watatu, "siku moja utamtoa mtu pua."

"Kama ni mbaya nitaitoa, mama."

Vioo vya Suin peke yake ndivyo alivyovishughulikia mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni wivu, na nilifurahi kudhani hivyo.

Vuli ya mwaka wa kumi na nane wa kazi hiyo, Bibi wa Suin alikuwa na miaka sabini na moja na kifua kimemlemea. Alimwita mama mkwe ampige picha ya mwisho, ile itakayowekwa mbele ya chakula ukoo ukimkumbuka. Mama mkwe alikwenda asubuhi, akarudi mchana na kioo kimoja, akakisafisha kwa dawa, akakiweka kwenye kichanja kikauke. Hapo ndipo Gi-tae alipomwambia mama yake kwamba mjomba aliyekuwa mji wa Gaeseong amefariki. Mama mkwe aliondoka kwa treni ya jioni ile ile. Neno alilotuachia lilikuwa moja, "Msifungue madirisha, kuna vumbi."

Baada ya siku mbili mjumbe wa Suin akaja. Hali ya Bibi imekuwa mbaya, picha inatakiwa kesho. Nikakitoa kioo kichanjani, nikakiinua kwenye mwanga, nikaona uso uliojaa makovu ya ndui.

Bibi yule nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali, poda nyeupe imemkaa kama unga juu ya keki ya mchele. Nilidhani siku ya picha watumishi wake walijisahau. Nikamwonea huruma, na sitasema uongo, nikaona pia kwamba nafasi yangu imefika. Nilifanya kazi kutwa nzima bila kula. Nilijaza makovu thelathini na moja. Nikainua kope la kushoto lililolegea. Kisha nikaona unywele mmoja mweupe umetoka kwenye njia ya nywele ukaanguka juu ya kipaji, kama wa mtu aliyeamka sasa hivi. Nikachukua kisu, nikaukwangua wote. Picha ilipotoka alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, laini kama yai. Nikaifunga kwa hariri nikaipeleka mwenyewe hadi langoni, kifua mbele.

Bibi wa Suin alikufa asubuhi iliyofuata, kabla hajafunguliwa ile hariri.

Mama mkwe alirudi kutoka msiba mmoja akaingia mwingine. Bado hajavua viatu, nikampa kioo akione. Alikiinua dirishani akakitazama muda mrefu.

"Umemfanya nini?"

"Nimempodoa, mama. Hakupendeza?"

Akakaa kizingitini. Nilitarajia anitukane, maana matusi yake nilikuwa nayajua na ninayo majibu yake. Hakunitukana. Alinisimulia tu.

Siku ya picha, aliniambia, Bibi wa Suin aliamka akaagiza maji ya mchele, akanawa uso mwenyewe, na Bi Heo alipoleta kikopo cha poda akamwambia akirudishe. Bi Heo akaanza kulia. Yule Bibi alikuwa amejipaka poda tangu ana miaka kumi na moja. Hata mumewe, walivyosimuliana wanawake wa jumba, hakuwahi kumwona mchana bila poda. Akakaa kwenye kiti, akasema, "Nimejificha miaka sitini. Huko ninakokwenda yuko mama yangu, na mama yangu aliniacha nikiwa na makovu haya, mabichi. Nikienda na poda hatanijua."

Mama mkwe akamwonyesha ule unywele ulioanguka, akauliza kama Bi Heo aurudishe.

"Uache. Umekuwa ukianguka hivyo tangu nilipoolewa. Bi Heo anausukuma, unarudi. Mmoja wao atashindwa leo."

"Alicheka aliposema hivyo," mama mkwe aliniambia. "Ndipo nikaminya."

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka ardhi inifiche, ila tulikuwa sebuleni, juu ya mbao.

Kesho yake Bi Heo alikuja mwenyewe, amevaa gunia la msiba, na ile picha imefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusema maneno ya wengine. Alikuwa ametumwa na Mzee Yi, shemeji wa marehemu na mkubwa wa ukoo.

"Mzee ameifungua picha mbele ya wote," alisema. "Ameuliza, huyu mwanamke ni nani."

Akaiweka picha mkekani, akaendelea.

"Anasema siku ya mia ya msiba chakula kitawekwa mbele ya picha. Anasema ukoo hauwezi kumwandalia chakula mgeni, huku mwenyewe amesimama mlangoni na njaa. Anasema..."

"Leo Mzee amesema mengi," alisema mama mkwe.

"Anasema mna siku tatu. Zikipita, kazi zote za jumba zinakwenda studio nyingine, na marehemu atachorwa na mtu yeyote atakayepatikana."

"Hata ambaye hajamwona?"

"Hata ambaye hajamwona."

Alipoondoka, Gi-tae alisogea karibu na mama yake, akashusha sauti kana kwamba kuta zina masikio. "Mama, kweli kabisa hukubakisha kimoja? Hata kibaya kibaya? Hakuna atakayejua."

"Gi-tae, umewahi kuniona nikiiba viazi?"

"Hapana, mama."

"Basi usiniulize habari za vioo."

Akakunja mikono ya nguo yake, akaomba tapentaini na pamba. Kalamu ya risasi hukaa juu ya vanishi inayokinga kioo, na tapentaini huiondoa. Alinikalisha kando yake nishike kioo mbele ya dirisha, akaanza kupangusa polepole kuanzia kidevuni. Kovu la kwanza likatokea. Kisha matatu kwa pamoja, kisha shavu zima. Kope la kushoto likashuka mahali pake. Nilimwona mwanamke mzee akirudi kidogo kidogo kutoka mahali nilipokuwa nimempeleka, na nililia huku nimeshika kioo, mama mkwe akaniambia nilie bila kutikisa mikono.

Makovu yote yakarudi. Juu ya kipaji tu pakabaki mkwaruzo wangu, mpana kama ukucha. Kalamu hufutika. Kisu hakifutiki.

"Urudishe kwa kalamu, mama," nilisema. "Mstari mmoja tu. Nusu dakika."

"Unywele ulipita wapi?"

Nikakitazama kioo. Sikukumbuka.

"Na mimi sikumbuki vizuri," alisema. "Sitamtungia mtu unywele."

Siku ya tatu tukaenda Suin, yeye na sanduku lake, mimi nimebeba fremu ya kuchapia na karatasi. Njiani aliniambia, "Ukifika pale utanyamaza. Kibao kina jina langu." Nikasema ndiyo.

Mzee Yi alikuwa amekaa barazani, ndevu nyeupe zimemfika kifuani, chunjua kubwa kwenye pua, amegeuza uso kuutazama mti wa persimoni kama inavyompasa mwanamume mbele ya wanawake wa watu. Sisi tulikaa kwenye mkeka, hatua tano kutoka kwake. Bi Heo alikaa katikati. Kwa miaka yote kumi na minane Mzee Yi na mama mkwe walikuwa wamezungumza kwa njia ya Bi Heo tu, hata pale nyumba nzima ilipokuwa ikisikia.

"Bi Heo, mwambie mpiga picha: ana kioo kingine?"

Bi Heo akatugeukia. "Mzee anauliza, una kioo kingine?"

"Mwambie Mzee sina."

"Anasema hana."

"Mwambie sitaudhika. Kila fundi huweka akiba. Akilete tuyamalize, na sitauliza kilikaa wapi."

Nilimtazama mama mkwe. Hapo ndipo nilipoelewa alivyobanwa. Angekuwa na kioo, angeokoa kazi yake na picha ya marehemu kwa neno moja, na miaka kumi na minane ya nyundo ingekuwa uongo. Hakuwa nacho, kwa hiyo ukweli wake ulikuwa unamwangamiza.

"Mwambie Mzee," alisema, "vipande viko nyuma ya mitungi ya mchuzi. Kama anapenda kuvihesabu, jembe liko kwenye banda la kuni, nimeliona nikipita."

Bi Heo akamgeukia Mzee. "Anasema hana."

Sharubu za Mzee Yi zilitikisika kidogo. "Muulize ni nani aliyemharibu shemeji yangu."

"Mwambie ni mimi," alisema mama mkwe kabla hajaulizwa.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje, maana nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na kwa hofu nikamsahau Bi Heo kabisa. "Si yeye, Mzee," nilisema, moja kwa moja, na sauti yangu ikaruka ua mzima. "Ni mkono wangu. Yeye alikuwa msibani. Mimi ndiye niliyeona makovu nikayaonea aibu."

Bi Heo alinitazama, akamtazama Mzee, hakujua ayafanye nini maneno ambayo yalikwisha kufika bila yeye.

"Mwambie huyo mtoto akae," alisema Mzee Yi kuuambia mti.

"Na mwambie Mzee," alisema mama mkwe, "mkono ni wake, studio ni yangu. Kwa hiyo kosa ni langu, na nimekuja nalo." Akafungua sanduku, akatoa kioo. "Makovu yote yamerudi, thelathini na moja. Kimepungua kitu kimoja. Ule unywele wa kipajini umekwanguliwa, na mimi sijui njia yake. Yuko anayeijua."

Akachomoa kalamu ya risasi kutoka kwenye nywele zangu, mahali nilipozoea kuichomeka, akampa Bi Heo.

Bi Heo alirudi nyuma kama amepewa makaa. "Mimi siwezi kuandika hata jina langu."

"Sikuombi jina. Ulimchana miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili."

"Ule unywele uliusukuma mara ngapi?"

Bi Heo akaishika kalamu. Alifumba macho, akainua mkono, akausogeza hewani mbele yake, pale ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kingekuwa. Kidole chake kikashuka, kikapinda kidogo kushoto, kikasimama. Akafanya hivyo mara tatu. Akafumbua macho, akainama juu ya kioo kilichopakatwa na mama mkwe, akachora mstari mmoja. Mstari ulitoka kwenye njia ya nywele, ukapita juu ya kovu moja, ukaishia karibu na nyusi, na nilipouona tu nikajua ndiyo njia yenyewe.

Mama mkwe aliweka kioo kwenye fremu, karatasi nyuma yake, akafunga, akaiweka juani katikati ya ua. Jua la vuli ni vivu, tulikaa karibu nusu saa. Kila mara alifungua pembe ya nyuma ya fremu kuchungulia, akafunga. Mwishowe Mzee Yi alishindwa. Alishuka barazani akiwa na soksi tu, akaja akasimama juu ya fremu, hatua moja kutoka kwa mwanamke asiye ndugu yake, na mama mkwe akaifungua.

Bibi wa Suin alikuwa pale, rangi ya zambarau kama picha zote zinavyokuwa kabla hazijatiwa dawa. Makovu yake, kope lake, unywele wake. Mdomo ulikuwa wa mtu aliyetoka kucheka sasa hivi.

"Shemeji," alisema Mzee Yi, kwa sauti ya chini sana.

Akarekebisha nguo yake ya msiba, akapiga magoti pale pale kwenye changarawe, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Bi Heo akafuata, na watumishi waliokuwa wakichungulia jikoni, na sisi. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye kipaji, wala hakulifuta.

"Bi Heo, mwambie mpiga picha..." alianza, akiutazama tena mti, akaacha. Akageuza uso kutoka kwenye mti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake. "Mwalimu," alimwambia mama mkwe, "ni yeye."

Mama mkwe alichukua fremu, akaifunika isipate jua zaidi, akasema lazima tuiwahishe kwenye dawa. Hakuongea mpaka tulipofika daraja la Gwancheol. Hapo akanipa sanduku la kamera. Nilidhani anataka kufunga kiatu, nikalishika nikisubiri alichukue. Alikwenda mbele mikono mitupu.

Miaka miwili ikapita, matanga yakaisha. Asubuhi moja riksho ilisimama mbele ya studio yetu na mtaa wote ukatoka nje, maana aliyeshuka alikuwa Mzee Yi wa Suin, amevaa kofia ya singa za farasi na kanzu mpya, na Bi Heo nyuma yake kwa miguu. Alikuja kupigwa picha yake ya mwisho angali mzima. Aliyemtaka ampige alikuwa mama mkwe, si Gi-tae. Wanawake wa kisimani hawakurudi makwao siku hiyo.

Alikaa mbele ya pazia la maua. Mama mkwe akaingia chini ya kitambaa cheusi, akakaa humo muda, akatoka. Nami nilikuwa nimeshaona. Ndevu za Mzee Yi, zile nyeupe zilizomfika kifuani, zilikuwa nyeusi tititi. Alikuwa amezipaka wino.

"Niko tayari, Mwalimu," alisema Mzee Yi, akimtazama usoni bila wasiwasi, kama mtu wa zama mpya.

Mama mkwe akageuka upande, akautazama ukuta. "Bi Heo," alisema, "mwambie Mzee hizo ndevu mimi sizifahamu. Zile za Suin ziko wapi?"

Bi Heo alizitazama zile ndevu. "Mzee," alisema, "anasema kioo ni kimoja tu."

Mzee Yi alizipapasa ndevu zake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka. Akanigeukia mimi. "Mtoto, maji yako wapi?"

Nilimletea beseni la maji ya moto na taulo. Alinawa nyuma ya pazia, mara tatu, na maji niliyomwaga uani yalikuwa meusi kama dawa zetu. Aliporudi kitini ndevu zilikuwa nyeupe na mbichi, zimegawanyika mafungu, na kwenye pua ile chunjua yake kubwa iling'aa kwa maji.

"Sasa huyu namjua," alisema mama mkwe, akaminya mpira.

Alipiga vioo viwili, akachagua kimoja, na cha pili akakivunja kwa nyundo ndogo mbele ya Bi Heo. Kile kimoja alinipa mimi. Kilikuwa kioo cha kwanza cha Suin alichonikabidhi kwa mkono wake. Nikakiweka kwenye meza yangu mbele ya dirisha, nikaitazama ile chunjua kwa muda mrefu. Kisha nikakipeleka kuchapwa, na kalamu yangu ilikuwa bado iko kwenye nywele.